Sanda ya Swaumu na Jicho la Mashine

Swaumu binti Kaombwe aliuza asali stesheni ya Kigwa miaka mingi, na hakuna abiria aliyejaribu kumchezea akaondoka anacheka. Alikuwa mwanamke mfupi, shingo imesimama kama amebeba mtungi hata pale kichwani pasipo na kitu. Kusoma alijua kidogo. Alihudhuria kisomo cha watu wazima, akaacha siku mwalimu alipomwamuru asimame mbele ya wenzake kama mtoto. Alisimama kweli, lakini alisimama akielekea mlangoni, na hakurudi tena.

Watu walisema ana hasira. Hasira alikuwa nayo, nani akatae. Lakini hasira ya Swaumu ilikuwa na mlango wake, na mlango wenyewe ulikuwa maziko ya mumewe.

Mume alikuwa Nassibu, mtu wa genge la reli, fundi wa kunyoosha vyuma jua kali. Alifariki baada ya vita vya Kagera, wakati nguo ilipotoweka madukani kama imeitwa kwao. Duka la ushirika lilikuwa na majembe yasiyo na mipini na makopo ya dawa ambayo hakuna aliyejua inatibu nini. Bafta ya sanda hakuna. Kijiji kizima kikazunguka nyumba kwa nyumba. Ikapatikana kanzu mbili kuukuu, kipande cha chandarua, na kitambaa cha meza cha jirani yake Marcelina, chenye maua mekundu yaliyotariziwa pembeni. Wakaunganisha hivyo hivyo. Nassibu akaenda kwa Mola wake na maua ya kitambaa cha meza ubavuni.

Swaumu hakulia mbele za watu siku ile. Aliyatazama yale maua mpaka jeneza likainuliwa, akajiapiza moyoni: mimi sitakwenda hivi.

Dada yake aliyeolewa Kigoma alimletea bafta ndani ya gunia la dagaa. Imevukaje mpaka, imepita mikono ya nani, hayo hayakuulizwa. Ilikuwa nyeupe, nzito, vipande viwili virefu. Swaumu akaifua mpaka harufu ya dagaa ikaona aibu ikatoka. Akaifukiza udi, akaitia kafuri, akaifungia sandukuni. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, aliitoa akaianika uani, peke yake, nondo wasiingie. Hakumwambia mtu, hata Marcelina. Mtu akianika sanda yake hadharani watu husema anaita mauti, na tangu siku hiyo humtazama kama abiria aliyekwisha kata tiketi.

Mwaka wa kisa hiki vilevile aliianika uani, akachukua chupa zake za asali, akaenda kungoja gari moshi la kutoka Dodoma.

Na siku hiyo hiyo ikaja sinema.

Ilikuja na Landrova ya serikali, na ndani yake alikuwamo kijana aitwaye Raymundi, Mluguru wa Matombo, mcheshi, kofia imelala upande. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye fundi wa mashine, yeye ndiye mwenye kuhubiri usafi. Taa za mbele za lile gari zilikuwa zimekufa na vipuri havipo, kwa hiyo Raymundi hakutembea usiku, na sinema yake aliionyesha mchana. Alitafuta ghala, akaziba madirisha kwa magunia, giza likapatikana. Kigwa alipewa ghala la tumbaku.

Tatizo likawa pazia la kuonyeshea picha. Hana. Kule Ziba alilianika likauke, ng'ombe wa watu wakalitafuna nusu.

"Sasa picha utaitupia wapi?" akauliza Silasi. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mzee wa kanisa la Moraviani, mtu mwema ila alipenda sana wageni wa serikali waondoke wamefurahi.

"Popote penye weupe," akasema Raymundi. "Ukuta wenu ni wa matofali ya udongo, utakula picha yote. Nitafutie shuka."

Shuka nyeupe, mwaka ule. Silasi akazunguka. Alipopita nyuma ya nyumba ya Swaumu akachungulia juu ya ua wa mabua, akaona weupe unaumiza macho. Akarudi kumwita Raymundi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Bi Swaumu, muuza asali. Yuko stesheni. Tumngoje."

"Kabila gani?"

"Mnyamwezi kama mimi."

Raymundi akacheka, akafungua mlango wa ua kwa goti. "Basi tunangoja nini? Huyo ni mtani wangu. Cha mtani hakiombwi."

Na hapo, kwa haki, hakusema uongo. Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu enzi za misafara, watu wa huku walipokuwa wakipita na mizigo kwenda pwani, wakiugua njiani, wakifia milimani kwa watu, wakizikwa na wenyeji. Waliozikana hawakasirikiani. Mtani atakutukana, atakunyang'anya kuku wako mkononi, nawe ukinuna umekuwa mjinga wa mji. Silasi alilijua hilo. Alichokuwa hakijui ni kile kitambaa. Kanisani kwao mtu huzikwa na suti yake. Silasi aliona shuka, akasaidia kuikunja.

Vipande vilikuwa vyembamba, picha ni pana. Wakaviweka ubavu kwa ubavu, wakavishona kwa sindano ya magunia na uzi wa katani wa kufungia mitumba ya tumbaku. Kisha wakapanda juu ya mitumba, wakavipigilia misumari kwenye boriti.

Swaumu alirudi saa za alasiri, chupa zimekwisha. Akafika uani, akaona kamba tupu. Akaigusa kamba, kana kwamba mkono ungeona kilichofichika machoni. Akaangalia chini. Akaona alama za viatu vya soli ya tairi.

"Marcelina," akaita juu ya ua, sauti ya chini. "Nani kaingia kwangu?"

Marcelina akatokea, unga wa mihogo mikononi. "Si balozi na yule wa sinema? Wamechukua shuka yako. Nilidhani umewapa."

Swaumu alijifunga kanga upya, kifundo kiunoni, akaenda. Marcelina akaacha unga wake, akamfuata kwa mbali, maana alimjua Swaumu, na Swaumu akitembea bila kusema ilikuwa vibaya kuliko akisema.

Ghalani mlikuwa giza na joto, watu wamejaa mpaka mlangoni, na mbele kabisa, juu, sanda yake inang'aa. Harufu ya kafuri ikampata hata katikati ya tumbaku, akaijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Na juu ya sanda hiyo, rangi zote zimekolea, palikuwa na picha ya choo. Choo cha shimo. Bwana mmoja wa kaptula anaonyesha jinsi ya kukifunika.

"Teremsha kitambaa changu," akasema Swaumu.

Vichwa vikageuka. Raymundi, aliyesimama kando ya mashine, akavua kofia kwa madaha. "Karibu, mtani wangu! Tumekuwekea kiti. Watu wa Unyamwezi, mlibeba pembe mpaka baharini hamkuwahi kujifunza kubeba jembe la kuchimbia choo, ndiyo maana serikali imenituma."

Watu wakacheka. Na Raymundi akaongeza, "Na shuka unayo nzuri hivi, unamficha nani ndani yake?"

Kicheko kikapanda mpaka kwenye mabati. Silasi naye alicheka, Mungu amsamehe.

Swaumu akaiangalia boriti. Ilikuwa juu, na yeye mfupi. Akaona mshono katikati ya kitambaa, nyuzi za katani nene kama mizizi, umekwenda toka juu hadi chini. Angesema neno moja tu wangeteremsha. Lakini neno lenyewe ndilo lile ambalo halisemi mtu aliye hai mbele ya kadamnasi, na waambiwe vipi watu wanaocheka? Tena akijitia kukasirika, atachekwa zaidi, maana huyu ni mtani na sheria iko upande wake.

Akavuta mtumba wa tumbaku karibu na mashine, akaketi. Marcelina aliyesimama mlangoni akamwona anavyoketi, akajisemea, leo kuna jambo.

Sauti ya sinema ilikuwa ikikatika, na picha imeingia vumbi. Raymundi akasimamisha mkanda, akavua kitu mbele ya mashine, bomba fupi la chuma lenye kioo, akalipulizia pumzi na kulifuta kwa shati. Watoto wa mbele wakauliza ni nini.

"Hili ndilo jicho," akawaambia. "Picha yote inatokea humu. Bila hili mashine ni sanduku la bati, hata maharage halipiki."

Akalirudisha ndani ya mfuko wa chuma ulio mbele ya mashine. Swaumu alitazama jinsi lilivyoingia. Lilitelezeshwa tu.

Haikupita muda jenereta nje, kwenye Landrova, ikakohoa, ikazima. Giza. Raymundi akatoka akilalamika kwa Kiluguru, Silasi nyuma yake, na watu nyuma ya Silasi, maana jenereta iliyokufa ni sinema vilevile. Walimkuta akikwangua ncha za waya kwa kisu, akizisokota, akizibana kwa meno. Kila mtu alikuwa na shauri. Mmoja akasema ilalie upande. Mwingine akasema imenyimwa maji. Ndani alibaki Swaumu na mashine.

Mkono wake ukaenda mara moja. Lile jicho lilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Akalifunga kwenye kifundo cha kanga, akarudi kuketi, mikono magotini.

Jenereta ikakubali, watu wakarudi wakishangilia. Raymundi akawasha mashine. Mwanga ukapiga sanda, lakini picha haikuja. Ulikuja ukungu mweupe tu, mkubwa, ukicheza kama maziwa kwenye kibuyu.

"Waya haujashika," akasema Raymundi. Akauchomoa, akauchomeka. Ukungu. Akabadilisha upande. Ukungu. Akafungua mgongo wa mashine, akaitazama taa ya ndani, nzima. Akautoa mkanda wa filamu, akauangalia kwenye mwanga, choo kimo, bwana wa kaptula yumo. Akaurudisha. Ukungu.

"Sogeza gari nyuma," akasema Silasi. "Labda umeme unafika umechoka."

"Umeme hauchoki, mzee."

"Mbona sisi unatuchosha?"

Raymundi alikuwa akitokwa na jasho. Akapiga mashine kofi, akaibembeleza, akaapa kwa jina la mtakatifu. Ule mwanga ulimpofusha kila alipoinama mbele, na mfuko wa chuma ulikuwapo mahali pake, kwa hiyo hakufikiri kutazama ndani yake. Watoto wakaanza kupiga miluzi. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, akanyoosha kidole alifute jicho tena, na kidole kikapita bila kugusa kitu.

Akakitazama kidole chake.

"Jicho langu liko wapi?"

"Lipo," akasema Swaumu toka kwenye mtumba wake.

"Wapi?"

"Kwa mtani wako. Cha mtani hakiombwi."

Lo, ghala lilivyolipuka. Waliomcheka Swaumu sasa walimcheka Raymundi kwa kicheko kilekile. Mtani kanyang'anywa na mtani, nani ataamua? Raymundi mwenyewe akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wakwe. "Haya, umeniweza, bi mkubwa. Nipe sasa, watu waone usafi."

"Hulipati."

Silasi akajongea, akashusha sauti ya uongozi. "Mayu, mama yangu, utani una mpaka. Ile ni mali ya serikali. Usinilazimishe niite mgambo."

Swaumu akasimama. Alimfika Silasi kifuani, lakini Silasi ndiye aliyerudi nyuma.

"Mali ya serikali imeingia kwenye kifundo cha kanga, unaita mgambo. Wewe umeingia uani kwa mwanamke mjane, hayupo, ukafungua mlango wake, nani nikuitie? Na umenichukulia nini? Uliza. Waulize hawa. Hujui unachokipigilia misumari, Silasi? Mlimzika Nassibu na kitambaa cha meza, ulikuwapo, ulishika upande wa miguu. Unadhani mimi ninaanika shuka ya kulalia?"

Ilipita kitambo kabla ya watu kuelewa. Kisha mzee mmoja wa nyuma akavuta pumzi, akasema, "Inna lillahi." Vicheko vikafa kimoja kimoja. Walioketi chini ya kile kitambaa wakajivuta nyuma kwa makalio. Marcelina akaziba mdomo kwa mikono yenye unga.

"Nimesubiri nife nipelekwe safi," akasema Swaumu. "Mmenionyeshea choo juu ya sanda yangu. Malaika wa kaburini wakija kuniuliza maswali, niwaambie nini? Nimefunikwa na funiko la choo?"

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka.

Raymundi akazima mashine. Akapanda juu ya mitumba mwenyewe, hakutaka msaada, akang'oa misumari mmoja mmoja, akaipokea sanda mikononi isiguse chini. "Mama," akasema, na safari hii hakusema mtani, "mimi sikujua."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Sasa kaa chini ufumue. Wewe, si mwingine."

Akaketi mlangoni penye mwanga, kijiji kizima kinamtazama, akafumua ule uzi wa katani tundu kwa tundu. Kisha akaenda kisimani, akafua. Jua likawa limekwisha, na gari halina taa, kwa hiyo alilala Kigwa. Swaumu hakumnyima chakula, maana mgeni hanyimwi. Alimpelekea ugali na mlenda kwa mkono wa Marcelina. Mlenda haukuwa na chumvi. Chumvi nyumbani ilikuwapo.

Asubuhi Swaumu alikiinua kitambaa kikavu juani. Choo kilikuwa kimeondoka, kama kweli picha huweza kubaki. Lakini ubavuni, toka mwanzo hadi mwisho, kwenye kila kipande, matundu ya sindano ya magunia yalipita mstari mmoja kama siafu wanaohama.

"Hili sasa ni gunia," akasema. "Nenda na mashine yako. Jicho utalipata siku utakayoniletea bafta nzima."

"Bafta haipo nchi hii, mama. Na leo natakiwa Tabora."

"Basi nenda Tabora kipofu."

Akaenda. Silasi alimjia Swaumu mara nyingi baada ya hapo, akibembeleza, akitaja ofisi ya mkoa, akitaja dhambi, mwisho akataja uchovu wake mwenyewe. Swaumu alimpa kigoda na asali ya kuonja, jicho hakumpa. Alitembea nalo kifundoni hadi stesheni, kanga imevutika upande mmoja.

Mvua zilipokaribia akafariki Mzee Abasi, mrina asali, yule aliyesema Inna lillahi kule ghalani. Ndiye aliyemuuzia Swaumu asali tangu ujana wao, wakigombana kila debe. Bafta hakuna. Watu wakaanza tena kuzunguka nyumba kwa nyumba, na mmoja akatoka kwa Marcelina ameshika pazia la dirisha.

Swaumu alimwona akipita. Akaingia ndani, akafungua sanduku kwa kishindo, akatoka na vile vipande viwili, akavitupa mikononi mwa waosha maiti. "Vina matundu. Mwambieni Abasi asinilaumu mimi, amlaumu Mluguru." Akawapa kisogo. Walisema ana hasira hata na marehemu. Usiku huo sanduku lake lilikuwa tupu, na kila alipogeuka kitandani aliona maua mekundu ya kitambaa cha meza.

Siku ya gari moshi la kutoka Dodoma alikuwa stesheni na chupa zake kama kawaida. Gari likasimama, akasikia mtu akiita toka dirisha la daraja la tatu, "Wapagazi! Wapagazi wa Kigwa!" Raymundi. Kofia upande. Amekumbatia bunda lililofungwa kwa gazeti.

Swaumu akasogea, hakumwamkia. Raymundi ndiye aliyesema shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa midomo iliyobanwa.

"Nilikwenda mpaka kwetu," akasema Raymundi. "Kazini wananiita dereva siku hizi, fundi wa mashine wamelifuta hilo. Nipe jicho langu, gari haliketi hapa."

"Nipe kwanza."

Akampa. Swaumu akachana gazeti. Bafta. Nyeupe, nzima, vipande viwili. Akainusa, haikunuka dagaa wala tumbaku. "Imetoka wapi?"

"Mtani haulizwi."

Akaanza kuipima kwa mkono, ncha ya vidole hadi kifuani, taratibu, kama yupo uani kwake. Mkuu wa stesheni akapuliza filimbi. Raymundi akatoa nusu ya mwili nje ya dirisha. "Mama, gari linaondoka."

"Lina reli, halitapotea." Akapima. Akageuza kipande cha pili, akakiinua juani, akatafuta tundu toka mwanzo hadi mwisho. Magurudumu yakaguna, gari likaanza kusogea, na Raymundi akawa anasogea nalo, mkono umenyooka, uso umemwiva.

Swaumu akatembea kando ya gari, bafta begani. Akafungua kifundo cha kanga kwa meno, akamtilia jicho lake kiganjani.

"Ni fupi," akasema.

"Na wewe ni mfupi, mtani!" akapiga kelele Raymundi, na gari likamchukua.

Wenzake wauza karanga walicheka mpaka wakaweka vikapu chini. Swaumu hakucheka. Aliikunja ile bafta, akaibana kwapani, akaokota chupa zake, akarudi nyumbani akinung'unika njia nzima juu ya watu wa milimani wasio na adabu. Alipofika aliipima mwilini, upande mmoja utosini, mwingine akaukanyaga kwa kidole gumba cha mguu. Ilitosha. Akaitia kafuri, akafunga sanduku, na tangu siku ile ufunguo akauvaa shingoni.